Jibu Limekosewa, Lakini Limekosewa Wapi? Utatuzi wa matatizo kwa wanaojiandaa na mashindano ya Hisabati shule ya msingi

Wiki chache kabla ya shindano, dawa inayotolewa karibu kila shule, iwe Moshi au Arusha, ni moja: maswali zaidi. Mtoto aliyepata 22 kati ya 40 anapewa karatasi nyingine ya ujirani mwema (mtihani wa pamoja wa shule jirani), anapata 23, anapewa ya tatu. Wenye steshenari wanafanya biashara ya fotokopi, na kosa la Jumatatu linarudi Ijumaa likiwa limevaa namba nyingine.

Jibu la kosa halitoki hewani. Mtoto aliyeandika 7 palipotakiwa 17 amepita njia fulani, na mara nyingi njia hiyo unaweza kuirudia mwenyewe kwa kalamu ukaiona. Mwongozo huu unafuata mpango huo: unaanza na dalili, yaani namba aliyoiandika au tabia anayoionyesha, kisha chanzo, kisha cha kufanya. Unawahusu zaidi watoto wa darasa la tano hadi la saba.

Kwanza pima, dakika tano

Chukua swali moja la mafumbo alilokosa. Mwambie alisome kwa sauti, aweke kalamu chini, aeleze kwa maneno yake kinachotafutwa. Usimsomee wewe. Mtu mzima anaposoma swali hukazia sauti kwenye neno lenye ufunguo bila kujijua, na mtoto anadaka hapo hapo; utadhani ameelewa swali kumbe amekuelewa wewe.

Akishindwa kueleza, tatizo ni lugha. Akieleza vizuri, mpe swali lile lile kwa namba ndogo: kama lilikuwa na mikungu 1,260, weka 12. Akikwama hapa, hajui mbinu. Akiliweza, mwandikie hesabu tupu ya swali la awali, bila maneno. Akikosea hapo, ukokotoaji ndio unaomwangusha. Akivuka zote tatu, basi anajua kila kitu, na kilichomponza ni haraka, kunakili vibaya, au saa. Andika kwenye daftari la makosa herufi moja tu kando ya kila swali: L (lugha), M (mbinu), K (kukokotoa) au H (haraka na mengine ya aina hiyo). Baada ya maswali 30 hivi herufi moja itakuwa imezidi nyingine, na hiyo ndiyo kazi yako ya wiki.

"Amekariri MAGAZIJUTO lakini alama mchanganyiko zinamtupa"

MAGAZIJUTO ni kifupisho cha mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe 20 − 8 + 5. Akileta 7, amejumlisha 8 na 5 kwanza, akapata 13, akaitoa kwenye 20. Muulize sababu, atakujibu kwa kujiamini kwamba JU inatangulia TO. Kifupisho chenyewe ndicho kilichompotosha. Kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja. Hufanywa kwa kufuatana kutoka kushoto kwenda kulia, na jibu ni 17.

Kugawanya na kuzidisha navyo vina cheo kimoja, ila huko anayegawanya kwanza haumii. 36 ÷ 6 × 2 inampa 12, ambalo ndilo jibu. 6 × 8 ÷ 4 akianza na 8 ÷ 4 anapata tena 12, sawasawa. Ndiyo maana kosa la JUTO linaishi miaka: GAZI inafuatwa kijinga na inaleta majibu sahihi, kwa hiyo mtoto haoni kwa nini JUTO isifuatwe hivyo hivyo.

Dawa yake ni kuandika kifupisho katika vyumba vitatu badala ya vitano: MA, kisha GAZI, kisha JUTO. Kila hatua iwe kwenye mstari wake mpya, na apige mstari chini ya kipande anachokifanyia kazi. Mpe maswali sita kwa siku kwa muda wa siku nne, na angalau manne kati ya hayo yawe na alama ya kutoa iliyotangulia ya kujumlisha. Malizia na kama hili: 50 − (12 − 5) ÷ 7 × 3. Jibu ni 47.

"Jibu la sehemu limetoka namba nzima safi, lakini si lenyewe"

Hapa tukae kidogo, kwa sababu maswali haya hayakosekani kwenye shindano, na ndiyo yanayowaangusha hata watoto wazuri.

*Mfanyabiashara wa ndizi katika soko la Mbuyuni aliuza 2/5 ya mikungu yake asubuhi. Mchana akauza 1/3 ya iliyobaki. Ikabaki mikungu 24. Alianza na mingapi?*

Ukiona 90, mtoto amejumlisha 2/5 na 1/3 akapata 11/15, akasema iliyobaki ni 4/15, akagawanya 24 kwa 4 na kuzidisha kwa 15. Ukokotoaji hauna doa. Alichoruka ni neno "iliyobaki": theluthi ile si ya mikungu yote. Mtego umetegwa kwa ustadi, kwani 90 ni namba nzima, na mtoto aliyezoea kuamini kwamba jibu baya hutoka na desimali za ajabu anaendelea mbele kwa amani.

Mwache achore. Mstatili mmoja mrefu, akate vyumba vitano sawa. Apake rangi viwili: vimeuzwa asubuhi. Vimebaki vitatu, theluthi ya vitatu ni kimoja, apake hicho. Viwili vilivyobaki ni mikungu 24, kimoja ni 12, vyote vitano ni 60. Mchoro huchukua nusu dakika, na hauhitaji kutafuta asili ya pamoja.

Kisha arudi nyuma kwa jibu lake: 60, toa 24, zinabaki 36, theluthi ni 12, zinabaki 24. Imekubali. Afanye hivyo kwa 90: toa 36, zinabaki 54, theluthi ni 18, zinabaki 36. Imekataa. Kwenye mafumbo ya namna hii, jibu lisilorudishwa nyuma lihesabiwe halijakamilika, hata likiwa sahihi.

Ndugu wa kosa hili yuko kwenye asilimia. *Koti la mtumba limepunguzwa bei kwa 20%, sasa linauzwa shilingi 36,000. Bei ya awali?* Jibu la kosa ni 43,200: amechukua 20% ya 36,000 na kuiongeza. Lakini punguzo lilihesabiwa kwenye bei ya zamani, si mpya. 36,000 ni 80% ya bei ya zamani, hivyo 10% ni 4,500 na 100% ni 45,000. Ukitaka kumwonyesha kwa haraka kwamba asilimia ina mwenyewe, panda 50,000 kwa 20%, ufike 60,000, kisha ushuke 20%: unatua 48,000, si ulikoanzia.

"Anajua hesabu, maneno ndiyo yanamshinda"

Herufi L zikizidi kwenye daftari la makosa, usimpe hesabu, mpe sentensi. Bei imepungua *kwa* shilingi 2,000 na bei imepungua *hadi* shilingi 2,000 ni habari mbili tofauti, na watoto wengi husoma zote kama ya kwanza. Vivyo hivyo "kila mmoja alipata" na "wote kwa jumla walipata".

Neno "zaidi ya" lina mtego wake. *Neema ana shilingi 800 zaidi ya Baraka. Kwa pamoja wana 5,000. Kila mmoja ana ngapi?* Majibu ya 3,300 na 1,700 yanakuambia kwamba mtoto amegawa katikati, akamwongezea Neema 800 na kumpunguzia Baraka 800. Jumla imetimia, ndiyo maana ameridhika. Tofauti yao sasa ni 1,600, mara mbili ya ilivyotakiwa. Toa kwanza ile 800 pembeni, gawa 4,200 kwa mbili, mrudishie Neema chake: 2,900 na 2,100.

Kwa mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anayekwenda kufanya karatasi ya Kiswahili, chanzo huwa chepesi zaidi: hajui kwamba shufwa ni 2, 4, 6 na witiri ni 1, 3, 5; hajui namba tasa, kiasi na asili, mzingo, nusu kipenyo, kigawe na kigawo. Maneno 20 hivi ukutani, wiki moja, yamekwisha.

"Maswali ya saa: anapata saa 9 na nusu kutoka Moshi hadi Same"

*Basi liliondoka Moshi saa 10:50 jioni, likafika Same saa 1:20 usiku. Lilitumia muda gani?* Mtoto anaona 1:20 ni ndogo, anageuza, anatoa 1:20 kwenye 10:50, anapata 9:30. Saa zetu hufika 12 na kuanza upya, na kutoa kwa kawaida hakulijui hilo. Afanye kwa kuruka: kutoka 10:50 hadi saa 12 kamili ni saa 1 na dakika 10, kutoka saa 12 hadi 1:20 ni saa 1 na dakika 20, jumla saa 2 na dakika 30.

Ukiona jibu lenye dakika 65, hilo ni jingine. Amefanya 3:10 − 1:45 kama 310 − 145, akakopa mia badala ya 60. Jibu ni saa 1 na dakika 25.

Kugeuza kwenda mtindo wa saa 24 watoto hukariri "ongeza 6" na kuishia hapo. Kuongeza 6 ni kwa saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni: saa 3:15 asubuhi ni 0915. Kwa saa 1 hadi saa 5 usiku huongezwa 18, hivyo saa 4 usiku ni 2200. Kuanzia saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi hupunguzwa 6: saa 6 usiku ni 0000, saa 11 alfajiri ni 0500. Chora saa ya ukutani yenye duru mbili za namba, ya ndani kwa mchana na ya nje kwa usiku, uache ubaoni mwezi mzima.

"Amekosea kwa moja tu"

Barabara ya mita 120, miti imepandwa kila baada ya mita 8, mmoja mwanzo na mmoja mwisho. Jibu la kosa: 15. Hizo ni nafasi. Miti ni 16, na kama ni pande zote mbili ni 32. Lakini shamba lenye mzingo wa mita 120, nguzo kila mita 8, linataka nguzo 15 kamili, kwa kuwa ya mwisho inakutana na ya kwanza. Ubao unaokatwa vipande 6 hukatwa mara 5. Kutoka tarehe 3 hadi tarehe 9, tarehe zote mbili zikihesabiwa, ni siku 7. Mtoto asikariri "ongeza moja". Atumie vidole vyake: vitano vina nafasi nne.

KDS au KKS?

Anayechanganya kigawe kidogo cha shirika (KDS) na kigawo kikubwa cha shirika (KKS) hana shida ya kutafuta vigawo tasa. Hajui tu ni kipi kinachotakiwa. Muulize swali moja: jibu litakuwa kubwa kuliko namba ulizopewa, au dogo? Kengele zinazolia kila dakika 12, 15 na 20 haziwezi kukutana kabla ya dakika 20, hivyo unatafuta kigawe, KDS, ambayo ni 60. Kamba za mita 48 na 36 zinazokatwa vipande sawa, virefu iwezekanavyo, bila kubakisha, haziwezi kutoa kipande kinachozidi mita 36. Unatafuta kigawo, KKS, nayo ni 12. Angalia pia kama swali linataka urefu wa kipande au idadi ya vipande. Vipande ni 7, na 12 huandikwa na wengi waliofanya kazi yote sahihi.

Watunga maswali hupenda hili: namba ndogo kabisa inayozidi 10 ambayo ikigawanywa kwa 4, 5 au 6 hubaki 3. Ni 60 + 3, yaani 63. (Bila maneno "inayozidi 10", jibu lingekuwa 3 yenyewe. Mtoto akikuuliza hilo, ujue yuko tayari.)

Eneo, duara na mwendo kasi

Vigae vya sentimita 20 kwa 20 kwenye chumba cha mita 4 kwa 3. Jibu "vigae 3" linatokana na kugeuza mita za mraba 12 kwa kuzidisha 100. Mita moja ya mraba ni sentimita za mraba 10,000. Ni heri ageuze urefu kabla ya kuzidisha: 400 ÷ 20 ni 20, 300 ÷ 20 ni 15, vigae 300. Na asimame ajiulize ni chumba gani hicho cha vigae vitatu.

Duara: jibu la eneo likiwa mara nne ya sahihi, 616 badala ya 154, ametumia kipenyo 14 kana kwamba ni nusu kipenyo.

Mwendo kasi: kutoka Moshi hadi Arusha ni kama kilomita 80. Gari likienda kwa kilomita 80 kwa saa na kurudi kwa 40, wastani si 60. Limetembea kilomita 160 kwa saa 3, yaani 53 na theluthi moja. Jumla ya umbali kwa jumla ya muda, basi.

"Anapata yote, ila hamalizi"

Pima jedwali la kuzidisha kwanza, kabla ya kulaumu uvivu. Ukiondoa la 1, 2, 5 na 10, ukakumbuka kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja, hadi 9 × 9 yanabaki mazidisho 21 tu. Yaandike kwenye vikadi, uulize kwa kuchanganya. Linalochukua zaidi ya sekunde 3 liende kwenye fungu la kurudiwa. Mara nyingi utabaki na matano au sita, na 6 × 7, 6 × 8, 7 × 8 huwa miongoni mwake. Usimruhusu aimbe jedwali kuanzia mwanzo. Mtoto anayefika 7 × 8 kwa kupitia 7 × 1 ndiye huyo asiyemaliza.

Jedwali likiwa zima, tatizo ni kung'ang'ania. Maswali 40 kwa dakika 60 ni dakika moja na nusu kwa swali. Afundishwe mizunguko: wa kwanza achukue yale anayoona njia yake papo hapo, wa pili yenye kazi ndefu, wa tatu yale magumu. Akifika dakika 2 bila kuona njia, aweke alama na kupita.

Soma kanuni za alama mapema. Kama jibu sahihi lina alama 4 na kosa linakata 1, kubahatisha kati ya chaguo 5 hakumpi kitu kwa wastani. Akishafuta mawili kwa uhakika, kubahatisha kati ya matatu kunalipa.

"Ni wa kwanza darasani, lakini maswali matano ya mwisho anayaacha wazi"

Huyu hana kosa la kurekebisha. Amezoea maswali yanayokuja chini ya kichwa cha mada, na maswali ya mwisho hayana kichwa. Karatasi nyingi hazimsaidii. Anahitaji swali moja kwa siku, dakika 20, bila mtu wa kumdokeza, na mazoea ya kuanza na udogo.

*Timu 8, kila moja icheze na kila nyingine mara moja. Mechi ngapi?* Asiende kwenye 8. Timu 2: mechi 1. Timu 3: 3. Timu 4: 6. Timu 5: 10. Ongezeko ni 2, 3, 4; aendelee hadi 28. Baadaye ataona mwenyewe kwamba kila timu ina wapinzani 7, na 8 × 7 imehesabu kila mechi mara mbili.

*Tarakimu ya mwisho ya 7 kipeo cha 30?* Azidishe kidogo: 7, 9, 3, 1, kisha 7 tena. Zinazunguka kwa nne. 30 ÷ 4 hubaki 2. Tarakimu ni 9. Ukimwonyesha mtindo huu siku ya kwanza umeliua swali. Mwache apambane na 7 × 7 × 7 mpaka achoke.

"Nyumbani anapata 35, siku yenyewe 26"

Kama mazoezi hufanyika mezani kimya, na mama akiuliza "umeangalia vizuri namba sita?", hizo 35 si zake zote. Wiki mbili za mwisho afanye karatasi tatu kamili kwa saa halisi, mahali pageni penye watu, bila kuulizwa chochote. Kama shindano lina sehemu ya chemsha bongo ya mdomo, azoee kurudia swali kimoyomoyo kabla ya kunyoosha mkono. Wanaonyoosha katikati ya swali hujibu nusu yake. Anayetoka Rombo au Monduli alfajiri apate chai au uji kabla ya kuingia, na safari isiwe wakati wa kumuuliza jedwali.

Ukipitia karatasi hiyo ya 26 na kukuta majibu sahihi matano yaliyofuatana kwenye namba zisizo zake, aliruka swali moja na hakuruka kisanduku chake. Kuanzia karatasi inayofuata, kila baada ya maswali 5 aweke kidole kwenye namba ya swali na kalamu kwenye namba ya kisanduku, azisome zote mbili.